Doa la Manjano Kwenye Kanzu Nyeupe

 

Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya kina mama huko Kisauni, mama mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wote walipokwisha kuondoka. Akatuambia, "Sheikh, nina suala, na nataka jawabu nitakaloweza kulipeleka nyumbani." Binti yake yuko Gredi ya 9. Anaipenda sayansi, na atakapoingia sekondari pevu anataka kuchagua mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, badala ya ule wa sayansi za jamii au ule wa sanaa na michezo. Babake hapingi masomo, ila ana hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba masomo hayo yana majaribio na miradi inayokula jioni na Jumamosi, saa ambazo mtoto huwa madrasa. Ya pili ndiyo nzito zaidi. Tangu mwalimu mpya wa sayansi alipowazoesha watoto kuuliza na kujaribu wenyewe, binti haachi kuhoji: kwa nini, vipi, umejuaje. "Babake asema," akaendelea yule mama, "mtoto akizoea kuuliza umejuaje, iko siku atauliza hivyo hivyo katika dini."

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe muhula, naye akaturuhusu tuliandike jawabu hapa bila kumtaja, kwa kuwa twajua nyumba zenye suala hili ni nyingi, kuanzia Likoni mpaka Changamwe.

Sababu ya kuomba muhula ni kwamba suala kama hili tuliwahi kuulizwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na tukalijibu papo kwa papo. Baba mmoja alikuwa na binti aliyefaulu vizuri, akaitwa skuli yenye maabara nzuri lakini iliyo mbali na kwao. Karibu na nyumbani ilikuwako skuli nyingine, isiyokuwa na maabara ila jina. Tulimwambia yule baba kwamba kemia ni kemia, kitabu ni kile kile, na mtoto wa kike ni bora asome karibu. Baba alitutii. Mwaka jana tulikutana na yule binti, sasa mama wa watoto wawili, akatusalimu kwa adabu zote. Tulipomuuliza habari za masomo, alitujibu bila ya lawama: "Maalim, mimi mara ya kwanza kushika bureti ilikuwa siku ya mtihani." Alama ya kemia ilianguka, na mlango wa kazi ya maabara ya hospitali, aliyokuwa akiitamani, ukafungwa pale pale. Hakusema zaidi ya hapo, nasi hatukuwa na la kusema. Tumeibeba kauli ile tangu siku hiyo, na ndiyo iliyotufunga mdomo pale Kisauni tusije tukajibu tena kwa haraka.

Katika zile siku za kufikiri, Mwenyezi Mungu alituletea somo ndani ya nyumba yetu wenyewe. Tulialikwa walima, tukala biriani, na tukarudi na doa la manjano kifuani mwa kanzu nyeupe. Ahali yetu akaipaka sabuni ya kipande. Kina mama wanaosoma hapa wanajua kilichotokea: doa la manjano likageuka jekundu mithili ya damu. Ahali yetu hakushtuka, ameliona hilo maisha yake yote. Mjukuu wetu, naye yuko Gredi ya 9, alikuwa amesimama karibu. Akauliza, "Nyanya, mbona limekuwa jekundu?" Akajibiwa kwamba manjano ndivyo yalivyo. Akauliza tena, "Na litatokaje?" Akajibiwa, "Litatoka, tutaanika juani." Hapo ndipo akauliza lile suala lenyewe: "Sasa kinachotoa doa ni sabuni, au ni jua?"

Tukatazamana. Miaka yote tumevaa kanzu zilizofuliwa vizuri, na hakuna aliyekuwa na jawabu la yakini. Ahali yetu alisema ni sabuni, jua hukausha tu. Sisi tulisema ni vyote viwili. Mtoto hakusema kitu. Aliomba kitambaa cheupe kikuukuu, akakikata vipande vinne vya kadiri moja, na kila kipande akakipaka kijiko kimoja cha maji ya manjano. Kipande cha kwanza alikifua kwa sabuni akakianika juani, na cha pili akakifua kwa sabuni akakitundika ndani kivulini. Cha tatu alikisuza kwa maji matupu akakianika juani, na cha nne akakisuza kwa maji matupu akakiweka kivulini. Vyote akavifanya saa moja, kwa maji ya ndoo moja, kisha akaandika tarehe kwenye daftari.

Baada ya siku mbili alituita. Vipande viwili vya kivulini, kile cha sabuni na kile cha maji matupu, vilikuwa bado na manjano yake, ingawa cha sabuni kilipungua kidogo. Vile vya juani vilikuwa vimepauka, na kilichofuliwa kisha kikaanikwa ndicho kilichokaribia kuwa cheupe. Kwa hiyo jua lilikuwa likifanya kazi ambayo hatukuwahi kulihesabia. Rangi iliyomo ndani ya manjano huvunjika inapopigwa na mwanga. Ama ule wekundu, mtoto alikamua ndimu juu ya doa jekundu mbele ya macho yetu, nalo likarudi manjano. Akatueleza kwamba sabuni ina asili ya besi na ndimu ina asidi, na manjano hubadili rangi kufuatana na kile kinachoyagusa, kama ifanyavyo karatasi ya litimasi katika maabara.

Wasomaji wetu, tuliyoyaona uani petu siku ile ndiyo ambayo walimu wanayaita kujifunza kwa kudadisi na kutenda. Mtoto hakupewa jawabu alikariri. Alianza na suala la kweli, akabashiri, akapanga jaribio ambalo ndani yake anabadili jambo moja na kuyaacha mengine sawa, akatazama, akaandika, ndipo akahukumu. Kama angekuwa na kipande kimoja tu kilichofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, asingeweza kutwambia ni kipi kilichofanya kazi. Vile vipande vya kulinganishia ndivyo vilivyomfikisha kwenye jawabu.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1998 serikali ya Kenya, kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Japani, JICA, ilianzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika skuli za sekondari, uliojulikana kwa jina la SMASSE. Ulianza kwa majaribio katika wilaya tisa, kisha ukaenezwa nchi nzima. Waliouanzisha waliona kwamba mwalimu husimama ubaoni, huandika, na wanafunzi hunakili. Wakawafunza walimu nguzo nne: somo liwe na shughuli, mwanafunzi awe ndiye mtendaji, pawepo jaribio, na vifaa vikikosekana mwalimu abuni vyake kutokana na vilivyoko. Mafunzo hayo ya walimu yangali yakiendelezwa na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Na mtaala wa umilisi, uliofika Gredi ya 7 mwezi wa Januari 2023, umejengwa juu ya fikra hiyo hiyo, kwamba mtoto apimwe kwa anachoweza kukifanya pamoja na anachokikumbuka. Hata katika mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya tatu ya fizikia, ya kemia na ya bayolojia ni ya vitendo. Asiyewahi kushika kifaa huingia katika karatasi hiyo kama mtu anayeulizwa kuogelea ilhali alisomeshwa kuogelea kwa chaki.

Sasa turudi kwa yule baba wa Kisauni, na tuanze na hofu yake iliyo nzito. Hofu yake tunaiheshimu. Baba anayeogopea imani ya mwanawe ni baba mwenye kuijua amana aliyopewa. Lakini tunamwomba atazame pamoja nasi.

Katika Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari ya Nabii Ibrahim (A.S.) alipomwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyowahuisha wafu. Aliulizwa kama hakuamini. Akajibu kwamba anaamini, ila ataka moyo wake utulie. Hakukemewa kwa kuomba kuona. Aliamrishwa achukue ndege wanne, na akapewa la kufanya kwa mikono yake mpaka akaona kwa macho yake. Mwanafunzi anayetaka kuona ili moyo utulie ana kigezo katika Khalilullah mwenyewe. Na katika Suratul Ghashiya tunaulizwa kwa nini hatutazami ngamia alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa, na milima ilivyosimamishwa, na ardhi ilivyotandazwa. Suala hilo la Qur'ani ni "vipi", neno lile lile analolitumia binti wa Gredi ya 9.

Tena iko hadithi mashuhuri katika Sahih Muslim juu ya watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende. Mtume (S.A.W.) alitoa rai yake kuhusu kazi ile, watu wakaiacha, na mavuno ya mwaka ule yakawa dhaifu. Alipoelezwa, hakuwalaumu. Aliwabainishia kwamba katika mambo ya dini wamfuate, ama katika mambo ya dunia yao, kama ukulima ule, wao wana ujuzi wao. Wanavyuoni wamezungumza mengi juu ya hadithi hii, na sisi hapa twachukua funzo moja tu: mtende una jawabu lake, na jawabu hilo hupatikana kwa kuuchavusha na kutazama. Mtume wetu, ambaye heshima yake haifikiwi na kiumbe, hakuona unyonge kuwaachia wakulima elimu iliyopatikana kwa mikono yao.

Hivyo basi, suala la "umejuaje" lina jawabu katika kila elimu, na kila elimu ina njia yake. Katika dini tunajua kwa nassi na kwa wapokezi waaminifu. Na nani katika ulimwengu aliyeuliza "umejuaje" kuliko Imamu Bukhari na wenzake, waliosafiri miji kwa miji wakimhoji kila mpokezi amesikia kwa nani, lini na wapi? Mtoto akituuliza umejuaje kuhusu hukumu fulani, tumwonyeshe dalili. Tukiwa hatuijui, tuseme hatujui, tukatafute. Kwa uzoefu wetu wa miaka mingi ya kusomesha, mtoto aliyejibiwa hutulia. Wengi walioteleza tuliowaona ni wale waliouliza wakafinywa.

Historia yetu nayo inashuhudia. Ibnul Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na macho, Kitabul Manadhir. Wengi kabla yake walishikilia kwamba jicho hutoa mwali ukaenda kugusa kitu ndipo kikaonekana. Yeye alieleza kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye vitu ukaingia jichoni, na akatumia chumba cha giza chenye tundu dogo kuonyesha namna mwanga unavyokwenda kwa mstari ulionyooka. Neno alilolitumia kwa kujaribu na kuhakikisha ni i'tibar, neno ambalo watoto wetu wa madrasa wanalijua kwa maana ya kuzingatia. Chumba kile hakihitaji fedha. Chukua sanduku la biskuti, toboa tundu la sindano upande mmoja, na upande wa pili bandika karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta kidogo. Jifunike shuka, lielekeze tundu kwenye mnazi ulio juani, nawe utauona mnazi umepinduka, kichwa chini. Kisha mwachie mtoto aulize kwa nini umepinduka. Usimjibu upesi.

Wala masheikh wetu wa hapa Mombasa hawakuiogopa elimu hii. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na humo aliwahimiza Waislamu wa pwani washike elimu ya dini na elimu ya kisasa pamoja, akiwakemea kwa kubaki nyuma. Miaka michache baada ya kufa kwake kilijengwa Tudor chuo cha MIOME, kwa ajili ya kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Katika waliokichangia walikuwamo Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa ya Mabohora. Chuo hicho ndicho leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee hao walitoa mali zao ili mtoto wa Kiislamu ashike chombo cha ufundi kwa mkono wake.

Kama bado yupo anayeona kwamba kudadisi ni anasa, na atazame upande wa Changamwe na Jomvu. Karibu na Mikindani kipo kitongoji kiitwacho Owino Uhuru. Hapo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, na moshi wake na maji yake vilikuwa vikiingia majumbani. Watoto waliugua. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi kiwandani humo, Phyllis Omido, alikuwa na mtoto mchanga aliyeshikwa na maradhi yasiyojulikana. Yeye hakutosheka na kuambiwa ni homa ya kawaida. Damu ya mtoto ilipopimwa, ilionekana ina risasi. Akauliza kama ni mwanawe peke yake, watoto wengine nao wakapimwa, na hapo ndipo ukweli ulipodhihiri. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 mama huyo alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwezi wa Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Tazameni mwanzo wa jambo lote hilo: mama aliuliza, akataka kipimo, kisha akataka kipimo cha kulinganishia. Ni njia ile ile ya vipande vinne vya kitambaa, isipokuwa hapa palikuwa na roho za watoto.

Leo hii katika nyumba zetu tunakunywa maji ya visima vilivyochimbwa hatua chache kutoka kwenye vyoo. Twauziwa dawa za ngozi zisizo na maandishi. Twatumiwa kwenye simu habari kwamba majani fulani yanaponya kila ugonjwa. Atakayeilinda nyumba ni yule aliyezoea kuuliza: nani amepima, amepima vipi, amelinganisha na nini? Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Israa kuyafuata tusiyo na elimu nayo, na akatuambia kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Binti anayejifunza kuyatumia masikio na macho yake kwa uangalifu anajifunza kuilinda amana hiyo.

Ama hofu ya kwanza, ya saa za madrasa, hiyo ni hofu ya haki, na hatutaki mtoto aiache Qur'ani yake kwa ajili ya bureti. Lakini tunawaambia walimu wenzetu wa madrasa: badala ya kugombania saa, tushirikiane. Elimu yetu ya nyakati za sala imejaa majaribio ambayo tumeyageuza kuwa karatasi ya ratiba iliyotundikwa ukutani.

Simamisheni kijiti cha mita moja uani mwa madrasa, wima barabara. Watoto wapime kivuli chake kila baada ya robo saa kuanzia saa tano na nusu mpaka saa saba mchana. Kivuli kitapungua, kitasimama, kisha kitaanza kurefuka upande wa mashariki. Hapo wameiona zawali kwa macho yao, na wameijua Adhuhuri inaingia lini bila ya simu. Waendelee mpaka kivuli kizidi kile cha zawali kwa urefu wa mita moja kamili, hapo wameiona Alasiri kwa madhehebu yetu ya Shafii. Warudie kila mwezi. Sisi wa Mombasa tuko yapata nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo kivuli cha zawali karibu hutoweka. Mwulizeni mtoto kwa nini, naye atajifunza jiografia, hisabati na fiqhi kwa kijiti kimoja.

Na iko siku nyingine tamu zaidi. Karibu na tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua husimama juu ya Al-Kaaba. Hutokea tena karibu na tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27. Saa ya Makka na saa ya Kenya ni moja, basi hakuna hesabu ya kubadilisha. Dakika hiyo, kila kivuli kilichosimama wima huelekea upande wa pili wa Qibla. Kijiti cha mita moja hapa kwetu kitatoa kivuli cha karibu nusu mita kuelekea kusini, nasi tutaelewa kwamba Qibla cha Mombasa kiko karibu kaskazini barabara, kwa kuwa Makka na Mombasa zinakaribia kuwa juu ya mstari mmoja wa longitudo. Mtoto aliyeshika kijiti hicho hatasahau, na imani yake haitapungua kwa kukishika.

Kwa watoto wa Likoni na Mtongwe, bahari ni maabara iliyofunguliwa mara mbili kwa siku. Wapake alama juu ya nguzo au jiwe, chini ya uangalizi wa mkubwa, na waandike maji yamefika wapi kila siku kwa mwezi mzima wa Kiislamu. Wataona bamvua likija karibu na mwandamo wa mwezi na karibu na mwezi mpevu, na maji mafu katikati yake. Wavuvi wetu wanayajua haya kwa karne nyingi. Mtoto ayapime, kisha amwendee babu yake mvuvi kumwuliza. Elimu ya babu itapata heshima yake upya.

Na kwa nyumba zenye kisima, jaribio liko kwenye karai. Maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya matumbawe yenye chokaa, ndiyo maana sabuni hukataa povu. Chukueni chupa tatu zilizo sawa: moja ya maji ya kisima, moja ya maji hayo yaliyochemshwa yakapoa na kuchujwa, na moja ya maji ya mvua. Tieni matone ya maji ya sabuni, mkitikisa na kuhesabu matone mpaka povu lisimame. Kisha tazameni ule ukoko mweupe ndani ya birika, na mwacheni mtoto awaambie umetoka wapi.

Tahadhari nasi tuitaje, kwani usalama ni wajibu. Mtoto asiwashe moto wala asishike asidi pasipo mkubwa. Dawa ya kung'arishia nguo isichanganywe kabisa na ndimu, siki wala dawa ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa yenye sumu. Kitu cha jaribio hakionjwi, hata kikiwa kimetoka jikoni. Na chombo cha majaribio hakirudi kabatini.

Kwa kamati za misikiti na wafadhili wetu, tuna ombi. Tumezoea kutoa sadaka ya misahafu, mikeka na visima, na hayo ni mema makubwa. Gredi za 7 mpaka 9 zimewekwa katika skuli za msingi, ambazo nyingi hazikujengewa maabara. Meza imara, ndoo yenye bomba, mizani, vipimajoto na darubini moja ndogo vinaweza kutumiwa na mamia ya watoto kwa miaka. Elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa mambo ambayo malipo yake hayakatiki mtu akifa. Basi wakfu wa maabara ni wakfu.

Sasa jawabu letu kwa baba wa Kisauni ni hili. Ndugu yetu, mwache binti yako achague mkondo wa sayansi, na ukaitembelee skuli kabla hujamkubalia kuisoma. Usitosheke na jina la maabara juu ya mlango. Ingia, uliza wanafunzi wangapi hutumia meza moja, na mara ngapi kwa muhula binti yako atashika kifaa kwa mkono wake. Kaa na mwalimu wa madrasa na mwalimu wa sayansi mpange saa, nasi tuko tayari kukaa pamoja nanyi. Na binti akikuuliza umejuaje, mjibu kwa dalili, au mwambie twende tukatafute. Hilo ndilo jawabu ambalo tulipaswa kumpa baba yule mwingine zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hatukumpa, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na tunamwomba msamaha yule binti.

Kanzu yetu imetakata. Mjukuu wetu ameyabandika vitambaa vyake vinne kwenye daftari, na chini ya kila kimoja ameandika alichokiona. Mwisho wa ukurasa ameandika suala jipya: je, jua la asubuhi na jua la mchana hutoa doa sawasawa? Ahali yetu amekwisha kumtafutia kitambaa kingine.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu, tunufaishe kwa uliyotufunza, na uwafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu katika dini na dunia. Amin. Wabillahi tawfiq, tukutane wiki ijayo inshallah.